Picha Ndani ya Kanga Yangu Ilinifanya Nimfukuze Nafula

Nina umri wa miaka arobaini na tatu, nimeolewa miaka kumi na saba, na sina mtoto. Naanza na hilo, wasomaji wenzangu, kwa sababu kila ninapoingia mahali huwa naona watu wameshaanza nalo kabla hata sijakaa.

Nimezaliwa hapa hapa Maskati, lakini wazee wangu ni wa Unguja. Nafanya kazi serikalini, Al Khuwair, na nyumba yetu iko Al Hail. Mume wangu Suleiman ni injinia wa maji. Ni mtu mpole, hapandishi sauti, hana makuu. Na kwa mwanamke mwenye moyo kama wangu, mume mpole ni mtihani... Mkali utajua anawaza nini. Mpole utamjuaje?

Tulizunguka kwa madaktari mpaka tukachoka. Wote walisema mume hana kasoro, mke hana kasoro, tumuombe Mungu. Mwaka wa nane wa ndoa nilijikaza nikamwambia Suleiman aoe mke wa pili. Nilisema kwa mdomo tu, moyo unachuruzika damu. Akacheka! Akanijibu kwamba mke anaye, na mkate wa kumimina uko mezani unapoa, tule.

Mwanamke mwingine angesujudu kushukuru. Mimi je? Nilikaa nikajiuliza: mwanamume gani anakataa kuoa kwa ruhusa ya mkewe? Lazima ana lake pembeni! Tangu siku ile sikutulia. Nilinusa kanzu zake kabla ya kuzifua. Niliangalia kilomita za gari lake asubuhi na jioni. Miaka minane nikitafuta sikupata hata unywele mmoja, na kila nilipokosa nilizidi kuamini kwamba anajua kuficha.

Hapo ndipo alipoingia Nafula.

Nafula alikuwa Mkenya, mwenyeji wa Bungoma, Mkristo, umri wake miaka ishirini na tisa. Tulimwajiri amtunze mama mkwe wangu, Bi Zuwena, ambaye tunaishi naye na ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Alituita Baba na Mama, kama wafanyakazi wengi wanavyotuita majumbani huku. Kwao alikuwa na mchumba, mwalimu wa shule anayeitwa Barasa. Mahari yalikuwa yameshapelekwa na harusi ilipangwa Desemba. Aliwahi kunionyesha kitambaa cha gauni lake kwenye simu, akaniuliza kama rangi ile itamfaa. Nikamwambia itamfaa.

Bi Zuwena alimpenda kupita kiasi. Akawa hali mpaka Nafula amlishe, halali mpaka Nafula amsugue miguu. Badala ya kushukuru kwamba mzee wangu kapata mtu, nilianza kuhesabu mara ngapi kwa siku jina la Nafula linatajwa nyumbani kwangu.

Siku moja mwezi wa Mei nilirudi kazini mapema, kichwa kinaniuma. Nilipokuwa naegesha gari nikamwona Suleiman anatoka kwenye stoo iliyo nyuma ya nyumba. Hazikupita dakika mbili, Nafula naye akatoka mlango ule ule! Wote wawili mikono ina vumbi hadi kwenye viwiko.

Nilimuuliza mume wangu alikuwa anafanya nini, akasema anatafuta kipuri cha pampu. Nikamuuliza Nafula, akasema alikwenda kuchukua ndoo. Watu wawili, majibu mawili... na ndoo yenyewe mkononi hana!

Wiki ile ile nikafungua sanduku langu la kanga. Marehemu mama yangu aliniachia doti moja ambayo sijawahi kuikata wala kuivaa. Nikaikuta imekatwa, upande mmoja haupo! Nikamuuliza Nafula. Akainamisha uso, akanijibu kwamba hajui. Nawaambieni, mtu asiyejua hukutazama machoni. Huyu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Usiku sikusema kitu. Mchana sikusema kitu. Nilinyamaza kama paka anayemsubiri panya, na kunyamaza kule kulinipa raha fulani ambayo leo naionea aibu.

Jumatatu iliyofuata Suleiman alikwenda kuoga akaacha simu kitandani. Niliichukua. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa Nafula. “Baba, wamekubali. Watakuja Ijumaa asubuhi. Nyumbani sijamwambia mtu, kama ulivyosema.”

Kina nani waliokubali? Wamekubali nini? Kwa nini nyumbani asiambiwe mtu? Nikaona picha nzima kichwani: wazazi wake wamekubali, wanakuja, ndoa inafungwa, na mimi nitakuwa wa mwisho kujua ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nilimpigia dada yangu Zeyana, anayekaa Qurum. Zeyana hana dogo. Akanambia, “We! Mumeo na mtumishi wana siri, na wewe bado wauliza siri gani? Amka, mdogo wangu. Huyo kama hajashika mimba basi yuko njiani.”

Mimba... Neno hilo liliniingia kama mwiba. Kwa miaka kumi na sita nimelisubiri kwangu, sasa nilisikie kwa mfanyakazi?

Jumanne Suleiman alisafiri kikazi kwenda Sur, arudi Ijumaa. Jumatano, Nafula akiwa anamwogesha bibi, nilichukua ufunguo wa stoo kwenye droo ya mume wangu nikaingia. Joto la humo ndani lilikuwa la tanuri. Nyuma ya mashine mbovu za kupozea hewa niliona kitu kikubwa kama mlango, kimeegemezwa ukutani. Kimefunikwa. Na kilichokifunika ni ile kanga ya mama yangu!

Nikaivuta.

Ilikuwa ni picha ya rangi ya mafuta, ya zamani, fremu yake ya dhahabu imemomonyoka pembeni. Katikati amesimama mzee mwenye ndevu nyeupe, anampa mwanamke mkate na kiriba cha maji, lakini uso wake kaugeuza, hathubutu kumwangalia. Mwanamke yule ni mweusi, shingo ndefu, kajifunga kitambaa kichwani. Ubavuni pake kuna mvulana wa kama miaka kumi na mbili anamshika nguo. Na nyuma yao, mlangoni, kasimama mwanamke mwingine. Mweupe, amevaa bangili, mikono ameikunja kifuani. Anawatazama. Hana mtoto.

Yule mwanamke mweusi alikuwa na paji la uso la Nafula. Wallahi nilimwona Nafula! Na yule wa mlangoni... mwanamke mkavu, tajiri wa bangili, asiyekuwa na mtoto wa kumshika nguo... nilijiona mimi.

Pembeni palikuwa na maandishi ya Kizungu nisichokijua, na mwaka wa elfu moja mia nane na kitu. Mtu mwenye akili zake angejua kwamba picha ya miaka ile haiwezi kuwa inamchora Nafula wa Bungoma. Lakini hasira haivai miwani. Niliona kwamba mume wangu kaitafuta picha inayofanana na tamaa yake, mwanamke yule na mtoto wa kiume, akaificha, akaifunika kwa kanga ya marehemu mama yangu! Na amekuwa akimleta mwanamke mwenyewe aje ajitazame!

Nililia humo stoo mpaka buibui likalowa jasho na machozi.

Kutoka pale niliendesha gari hadi saluni moja ya Qurum ninakosukwa nywele. Binamu yake Nafula, Rose, anafanya kazi pale. Nilijua fika kwamba Rose ana midomo, na ndiyo maana nilikwenda. Nilimwambia mbele ya wateja watatu kwamba ndugu yake amelala na mume wangu na huenda ana mimba, basi awaambie kwao wasihangaike na harusi. Nililitamka lile neno zito kabisa, neno ambalo dini yetu inataka mashahidi wanne kabla mtu hajafungua kinywa. Sikuwa na shahidi hata mmoja. Nilikuwa na vumbi, na kanga, na picha.

Alhamisi asubuhi nilimtoa Nafula. Tiketi nilikuwa nimeshaikata. Begi lake nililiweka nje ya geti, jua la Juni linachoma. Alipiga magoti.

“Mama, nakuomba, mpigie Baba kwanza. Mpigie tu. Mimi siwezi kusema, niliahidi, lakini yeye atakuambia.”

“Uliahidi nini?”

“Siwezi, Mama. Mpigie.”

Kwani aliyeapa kuficha si ndiye mwenye hatia? Hivyo ndivyo nilivyoamini. Nikamwambia aondoke kabla sijaita polisi. Akaniomba angalau amlishe bibi chakula cha mchana, maana hatakula kwa mtu mwingine. Nikakataa!

Bi Zuwena alijikokota hadi barazani akishikilia ukuta. Akaniuliza, “Wampeleka wapi mtoto wa watu na jua hili?” Nilimwambia ameomba ruhusa kwenda kwao. Mzee akasema, “Mbona analia, basi?” Dereva wa Zeyana akampakia Nafula kwenye gari, wakaenda uwanja wa ndege.

Siku ile nilijiona mshindi. Nilipika pilau. Mama mkwe hakuligusa.

Ijumaa, saa nne asubuhi, kengele ya geti ikalia. Nikafungua. Wanaume wawili wa makamo, Wakenya, mashati yamepigwa pasi, pikapu nyuma yao imetandikwa mablanketi. Walinisalimia kwa adabu, mmoja akasema, “Tumetoka kanisani, Madam. Sista Nafula alituambia tukuje leo kubeba ile picha ya Hajiri.”

Nikauliza Hajiri gani.

“Si yule mjakazi wa Sara,” alisema. “Yule alifukuzwa na Abrahamu, yeye na kijana wake. Mzee wa hapa alisema atatupatia tuiweke kanisani.”

Jamani...

Kisa cha Bibi Hajra nimekijua tangu utotoni, nani wetu asiyekijua? Lakini kwetu sisi, Ismail alikuwa kichanga ananyonya, na Nabii Ibrahim mwenyewe alifuatana nao hadi Makka. Na Nabii hachorwi! Sijapata kuona sura yake popote, ningeijuaje? Wenzetu wanakisimulia kwa namna yao, mvulana mkubwa, mkate, kiriba, na Sara pembeni. Nilikuwa nimemtazama Bibi Hajra uso kwa uso nikamwita hawara.

Gari la Suleiman liliingia hapo hapo. Aliwasalimia wageni kwa furaha, akauliza Nafula yuko wapi awaonyeshe stoo. Bi Zuwena ndiye aliyejibu kutoka ndani: “Kafukuzwa! Nna njaa mimi tangu jana!”

Mume wangu hakunipiga, hakunitukana. Aliwasaidia wale wanaume kuipakia picha, akawashukuru, akafunga geti. Kisha akaniketisha akanieleza kila kitu, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

Picha ilikuwa ya Mdenmaki mmoja mzee, injinia mwenzake wa miaka mingi, aliyekuwa anarudi kwao kwa maradhi. Ilichorwa na ndugu wa babu yake mkuu, aliyesoma uchoraji katika chuo cha Kopenhagen na ambaye jangwa hakuwahi kuliona. Mzee yule hakuwa na mtoto wa kumrithisha. Alisema kwao hakuna tena anayetaka picha za namna ile, na kwamba Suleiman ndiye mtu pekee aliyewahi kumsimulia kisa cha Hajra kama kisa cha ndugu zake mwenyewe. Akampa, akilia. Akamwomba asiiuze wala asiitupe.

Sasa Suleiman afanye nini? Kuikataa hakuweza. Kuitundika hakuweza, sura ya Nabii ndani ya nyumba, na mama yake anasali chumba cha pili! Kuitupa hakuweza. Ndipo akamwomba Nafula aulize kanisani kwao kama wataipokea. Wakaingia stoo pamoja kuipiga picha kwa simu. Kanga yangu ndiyo kitambaa kipana cha kwanza alichokipata Suleiman sandukuni, akakata upande mmoja akidhani ni doti ya kawaida.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Mimi mkewe!

Akasema, “Mzee alinieleza yule wa mlangoni ni nani. Mke aliyekosa mtoto. Nikajua utamtazama yeye tu. Sikutaka umwone.”

Wasomaji wenzangu, nimewahi kufiwa na mama na baba. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa maneno yale. Miaka minane nimemchunguza mtu ambaye siri yake pekee ilikuwa ni kunilinda nisilie!

Tukaanza kumtafuta Nafula. Simu haikupokelewa. Nilikwenda saluni, Rose akanifungia mlango wa kioo usoni, na wateja wakanitazama kupitia kioo hicho hicho. Baadaye ndipo nilipojua yaliyotokea. Maneno yangu yalifika Bungoma kabla ya ndege yake! Nafula alishuka Nairobi akakuta kwao wameshajua. Ndugu wa Barasa wakadai apimwe. Akapimwa, hana mimba. Bado haikutosha. Barasa alisema yeye anaamini, lakini mama yake hawezi kupokea mkwe aliyerudishwa kutoka Uarabuni kwa jambo la namna ile. Mahari yakarudishwa.

Nilirekodi video. Nilisema jina langu, nikasema kwamba nilimsingizia, nikasema sikuona kitu, nikaituma kwa Rose na kwa kila namba niliyoweza kuipata. Suleiman aliwaandikia wazazi wa Nafula na kuwaomba radhi. Mnajua ilivyokuwa? Uongo wangu ulifika kwa siku moja. Ukweli wangu ulichukua miezi mitatu, na ulipofika, Barasa alikuwa ameshaoa.

Mwezi wa Desemba, mwezi uliokuwa wa harusi yake, Nafula alinitumia ujumbe wa sauti. Mmoja tu. Sauti yake ilikuwa shwari kuliko nilivyostahili.

“Mama, nimeona video. Nimekusamehe, kwa sababu nisipokusamehe nitakuwa nakubeba kila siku na mimi nimechoka. Lakini usinitafute tena. Msalimie Bibi.”

Nimemsalimia bibi. Namsalimia kila siku, maana kila siku anasahau. Nikimpelekea uji ananiuliza Nafula yuko wapi. Nikimwambia kaenda kwao, ananiuliza, “Mbona hakuniaga?” Mnataka nimjibu nini mzee wa miaka themanini na moja?

Na mume wangu? Hakuniacha. Ndugu wengi walitegemea ataniacha, na Zeyana aliyenichochea ndiye wa kwanza kuniuliza kama nimeshapewa talaka. La. Suleiman yupo, na bado ni mpole. Ila sasa kila anapotoka ananitumia picha bila kuombwa. Yuko ofisini, picha. Yuko msikitini, picha ya viatu mlangoni. Yuko sokoni ananunua samaki, picha ya samaki na ya muuzaji. Chini yake haandiki kitu. Nimemwambia aache, nimemlilia aache, akanijibu kwa upole ule ule kwamba anataka tu moyo wangu utulie.

Na hapa ndipo penye aibu yangu kubwa, ambayo hata yeye hajui. Picha zikifika, naziangalia. Nazikuza kwa vidole. Naangalia kioo cha gari nyuma yake, naangalia nani kasimama pembeni, naangalia kivuli ni cha nani... Baada ya yote haya! Nimemuua Nafula akiwa hai, nimemgeuza mume wangu mshitakiwa, na bado mkono wangu unakuza!

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi. Ukiona vumbi kwenye mkono wa mwenzio, muulize. Ukijibiwa majibu mawili, keti na wote wawili uulize tena. Piga ile simu unayoombwa kuipiga. Usiende saluni. Usimpe dada mwenye midomo moyo wako aushike. Na kama shuku imeshaota ndani yako, tafuta tiba leo, kwa shekhe, kwa padri, kwa daktari, popote, kabla hujapata ulichokuwa unakitafuta. Maana mimi nilidhani siku nitakapojua ukweli, shuku itakwisha. Ukweli ninao mwaka wa pili sasa. Simu imelia hivi ninavyoandika, ni Suleiman, katuma picha yuko kwa kinyozi... na kabla sijamaliza sentensi hii nimeshaifungua.